Ruhusa ya Msiba

Deni lenyewe halikuwa la anasa. Tuliseme hilo mapema, maana watu wakisikia fulani anadaiwa huanza kuchungulia sebuleni kwake wakitafuta televisheni mpya. Mkasi alikopa kwa mwajiri wake ili binti yake mdogo apasuliwe nyonga. Mtoto alizaliwa nyonga moja imekaa kombo, akaanza kutembea akiyumba, na daktari akasema asipopasuliwa kabla ya kuanza shule atayumba hivyo hadi uzeeni. Mwajiri alitoa hela yote kwa mkupuo, hakutaka dhamana, akasema atakuwa anakata kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka liishe. Mkasi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kukopa harusi, kulipa matanga, hilo alilijua tangu utotoni. Lakini mtu mwenye mtoto wodini hana muda wa methali.

Jina la Mkasi alipewa kazini, katika kiwanda kidogo cha chapa ambako alisimamia mashine ya kukatia karatasi. Kwa miaka kumi na minne aliingiza karatasi pana chini ya kile kisu, zikatoka upande wa pili kadi za harusi, kalenda, tiketi na vitabu vya stakabadhi. Vidole vyake kumi vilikuwa bado mahali pake vyote, na kwenye kazi ile hicho ndicho cheti. Mwenye kiwanda wafanyakazi walimwita Mzee Risiti, nyuma ya mgongo wake bila shaka, kwa kuwa hata ukitumwa kopo moja la gundi ulirudi na karatasi ya ushahidi, la sivyo usirudi. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, ila namna yenyewe ilikuwa nzito kuibeba. Yeye mwenyewe hakuwahi kupumzika hata wiki moja tangu afungue kiwanda, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mwenye deni hastarehe. Kuna mpiga chapa mmoja aliyekuwa akidaiwa naye, akaja kazini na viatu vipya vya ngozi. Mzee alimwomba kwa upole, mbele ya watu wote, anyanyue mguu. "Tuone deni langu linavyokanyagwa," akasema. Watu walicheka. Yule bwana hakuvivaa tena vile viatu, na mwezi haukuisha akaacha kazi.

Sasa kwa mtu kama huyo utakwendaje kuomba ruhusa ya kutembea na familia?

Na kutembea kwenyewe kulikuwa na ahadi ndani yake. Yule mtoto, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, alifungwa plasta kutoka kiunoni mpaka kifundo cha mguu, akalala chali miezi minne. Alikuwa akilia kwa muwasho, na mama yake, baada ya hadithi zote kumwishia, alimwambia kwamba siku akitoka mle ndani watakwenda ziwani, na maji yatambeba. Mama alisema tu ili mtoto anyamaze. Mtoto akalishika. Plasta ilitoka, mwaka ukapita, deni likabaki na mwaka mwingine na nusu, na kila baada ya siku chache Kifungo aliuliza kama ziwa halijakauka.

Ikafika zamu ya mkewe Mkasi kupokea hela ya upatu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na upatu huo walicheza wanawake kumi wa mtaa. Kwa akili ya darasani hela ile ilipaswa kwenda moja kwa moja kwenye deni. Mkasi mwenyewe ndivyo alivyopendekeza, huku wakianika nguo mchana wa Jumapili. Mkewe alibana shati la mumewe kwenye kamba, akambana na yeye kwa maneno.

"Baba Kifungo, deni mwaka kesho litakuwepo," alisema. "Huyu mtoto miaka sita atakuwa nayo mara moja tu."

Hapo Mkasi alikamua shati jingine. Kisha akatoa wazo ambalo mpaka leo hajui lilitoka wapi, maana hakuwa mwongo kwa kawaida. Alikuwa mtu wa kurudisha chenji iliyozidi. Alisema ruhusa ya kutembea haiombeki, lakini ruhusa ya msiba haikataliwi. Wakaanza, Mungu awasamehe, kuchagua nani afe. Wazazi wa Mkasi walikwisha kutangulia zamani. Mama mkwe alikuwa akija mjini mara kwa mara na Mzee Risiti alikwisha kusalimiana naye, hivyo hafi. Shemeji alikuwa na afya iliyopitiliza. Akabaki Shangazi, aliyeishi mbali, ng'ambo ya ziwa, upande ule ule wa barabara ambayo basi lao lingepita. Mkewe aliuliza kama si mkosi kumzika mtu mzima kwa mdomo. Mkasi akajibu kwamba maneno hayaui.

Kosa lake halikuwa hilo tu. Kosa lake jingine ni kusahau utaratibu wa kazini kwake mwenyewe. Katika chapa ile, mfanyakazi akifiwa, Mzee humchapia karatasi mia za wasifu wa marehemu, bure, zenye picha na habari za maisha yake, akazigawe mazishini. Mkasi alikuwa amewakatia wenzake karatasi hizo kwa miaka yote kumi na minne. Jumatatu asubuhi alipoingia ofisini akasema amefiwa na shangazi yake na anaomba siku nne, alitegemea kuitikiwa tu na kupewa fomu. Mzee Risiti alifunga daftari, akatoa miwani, akasema, "Kaa. Niambie huyo mama alikuwa nani."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mkasi akakaa, akaeleza, na ubaya ni kwamba alichoeleza kilikuwa kweli tupu. Alieleza jinsi wazazi wake walivyofariki mwaka mmoja akiwa na miaka minne, na Shangazi, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, akaja kumchukua kwa miguu. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Kila mchana alimfichia ukoko wa chungu ndani ya kanga, na siku ambazo ukoko haukutosha alisema yeye ameshiba moshi. Mkasi alipopata nafasi ya kujifunza kazi ya chapa mjini, Shangazi aliuza kitanda chake kulipia ada, akalala chini miaka miwili akidai kuwa mgongo wake unapenda sakafu. Hapo machozi yalimtoka Mkasi ya kweli, akalia mbele ya mwajiri wake kwa ajili ya mtu ambaye saa hiyo, kwa kadiri alivyojua, alikuwa akifagia uwanja wake. Miaka mitano alikuwa hajamwona. Kwanza zilikosekana siku, halafu likaja deni, na mtu aliyesomeshwa kwa kitanda cha mwenzake anaona aibu kwenda mikono mitupu. Kila mwaka alisema mwaka kesho.

Mzee Risiti naye alilia. Hilo wafanyakazi hawakuwa wameliona hata siku mke wake alipofungasha akaondoka. Alipangusa uso kwa upindo wa shati, akatangaza kwamba mwezi huo hakati chochote kwenye mshahara wa Mkasi, kisha akaketi mwenyewe kuandika wasifu. Dada aliyekunja na kubana vitabu, ambaye wote walimwita Pini, alipanga picha iliyotoka kwenye simu ya Mkasi, halafu akazungusha bahasha ya rambirambi, akaanza kutia yeye. Mashine ikachapa karatasi pana zenye nyuso nne nne za Shangazi.

Na nani akate? Mkataji ni mmoja. Pini alijitolea, lakini Mkasi alijua angeharibu. Alisimama penye mashine yake akapanga zile nyuso, akazisawazisha kwa viganja, akashusha kisu taratibu kuliko siku zote. Alikata pembeni kabisa, asimguse hata bega. Wenzake walikuwa wamezima mashine zao kwa heshima, na kimya kile kilimuuma kuliko kitu chochote ambacho mtu angeweza kumwambia.

Wakasafiri. Ndani ya basi mama mmoja aliyekaa karibu nao aliwauliza watoto wanakwenda wapi, na binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, aliinamisha kichwa akajibu kwa sauti ya chini kwamba wanakwenda msibani. Alijibu vizuri sana. Mkasi alitazama nje ya dirisha akaona haya kwa jinsi mtoto wake alivyojifunza upesi.

Lakini ziwa lilikuwa ziwa. Walipanga chumba chenye vitanda viwili katika nyumba ya wageni iliyoezekwa bati lenye kutu, vyandarua vimetiwa viraka, bomba la kuogea likitoa maji likitaka. Kwa Kifungo ilikuwa ikulu. Alipoingia majini, mama yake akimshika kwapa, alipiga miguu yote miwili, na humo ndani hakuna ambaye angeweza kusema ni mguu upi uliopasuliwa. Nchi kavu bado alichechemea kidogo akichoka. Majini hakuchechemea. Mkewe Mkasi alicheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho mumewe hakuwa amekisikia kwa miaka miwili na zaidi. Siku ya pili walikodi mashua ya kupiga kasia kwa saa nzima, wakala samaki mkubwa kuliko sinia. Hela ya upatu ilikuwa imepungua. Ya mashua na ya samaki ilitoka kwenye bahasha ya Pini.

Asubuhi ya siku ya tatu Mkasi alifungua begi kutafuta taulo, akakutana na uso wa Shangazi. Karatasi zote mia zilikuwa mle chini, zimefungwa kwa kamba. Angezifanya nini? Kuzitupa kwenye pipa la taka hakuwezekani. Kuzitupa ziwani hakuwezekani. Mtu aliyekulea humtupi popote. Alirudi kukaa kibarazani, akamwambia mkewe kwamba kutoka pale hadi kwa Shangazi ni mwendo wa nusu siku tu, magari mawili. Mkewe alimtazama sana. Aliuliza watakwenda na nini mkononi. Mkasi akasema watakwenda na watoto.

Walimkuta Shangazi amekaa mlangoni akipepeta mchele. Alikuwa amepungua. Mwanamke aliyebeba masufuria ya shule nzima sasa alionekana kama anaweza kubebwa na binti mkubwa. Hakupiga kelele wala hakuinuka mbio. Aliweka ungo chini, akasema, "Umekonda, baba," kisha akataka kumwona Kifungo akitembea, aende hadi kwenye mti arudi, aende tena arudi. Alipiga makofi. Akawachinjia kuku wake wa pekee, na waliposema wasingependa asumbuke, aliwauliza kama kuku huyo wamemzaa wao.

Wakati wa kula, Kifungo, ambaye alikuwa amemkodolea macho bibi huyo tangu wafike, aliuliza, "Bibi, kumbe umefufuka?"

Binti mkubwa alimfinya. Mama yao alishika kijiko hewani. Shangazi alicheka, akadhani ni maneno ya kitoto, akasema bado anafufuka kila asubuhi na magoti yake ni mashahidi. Baadaye jua lilipopungua, Kifungo akasikia baridi, na Shangazi akaenda mwenyewe kwenye begi kumtafutia sweta. Ndipo akazikuta.

Alizitoa zote, akakaa nazo penye mwanga. Kusoma alijua, ila pole pole, kwa kidole. Mkasi alitamani kumnyang'anya lakini hakuthubutu. Alisoma tangu jina mpaka mstari wa mwisho ulioandikwa na Mzee Risiti, usemao kwamba ametangulia mama aliyeshiba moshi ili mtoto ale. Hapo kidole chake kilikaa muda mrefu.

"Hapa mmekosea," alisema mwishowe. "Nilipika miaka ishirini na sita, si ishirini."

Mkasi alipiga magoti, akamwambia kila kitu: deni, viatu vya yule mpiga chapa, ahadi ya ziwa, ruhusa. Alieleza vibaya, akirudia rudia. Shangazi alimsikiliza huku akizisawazisha zile karatasi mapajani mwake.

"Walinililia?" aliuliza.

"Walikulilia, Shangazi. Bosi wangu alilia. Walizima mashine."

"Na rambirambi?"

"Tumeila."

"Yote?"

"Yote."

Alicheka mpaka akakohoa, na mkewe Mkasi akakimbilia maji. Alipotulia, uso wake ulikuwa umebadilika. Aliuliza swali moja tu, bila hasira, na laiti angeuliza kwa hasira.

"Kama usingeniua, baba, ungekuja?"

Mkasi angeweza kusema ndiyo. Ulimi hauna mfupa, na siku zile nne ulikuwa umefanya mazoezi ya kutosha. Lakini mbele ya yule mama alishindwa, na Shangazi aliupokea ukimya wake akautia akilini. Kisha akainuka, akabeba karatasi zote mia hadi jikoni, akazitia motoni moja moja akachemshia chai. Alisema ni karatasi nzuri, inawaka bila moshi, na amshukuru bosi wake. Wakanywa.

Kesho yake alfajiri, akiwasindikiza hadi barabarani, alimshika Mkasi kifundo cha mkono kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka njia. "Siku nikifa kweli, njoo mwenyewe," alimwambia. "Usitume hela. Njoo unitie udongo." Mkasi aliapa. Katika maisha yake hakuwahi kuapa kitu kwa nia safi zaidi ya hiyo.

Kazini alipokewa kwa pole. Pini alimpa pole, mpiga chapa wa sasa alimpa pole, mlinzi wa getini alimshika bega akamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Majirani nao walikuja, mmoja mmoja, wakakaa kidogo sebuleni. Mkasi alizipokea zote kwa kichwa kilichoinama, na kila moja ilimkaa shingoni. Mwezi uliofuata Mzee Risiti akaanza tena kukata kwenye mshahara. Mkasi alianza kutenga chochote kidogo, nauli ya mwezi wa kumi na mbili, kwani safari hii hakusema mwaka kesho.

Mwezi wa kumi na mbili haukufika. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, akiwa anakula na wenzake kwenye viroba vya mabaki ya karatasi nyuma ya kiwanda, alipigiwa simu na jirani wa Shangazi. Mama alilala vizuri, asubuhi hakuamka. Hali ya hewa ni ya joto na hospitali iko mbali, hivyo wangezika kesho. Wangemsubiri hadi saa sita, si zaidi. Mkasi alisema ahsante. Alikaa vile vile na sahani mkononi. Pini alimuuliza kama kuna shida, akajibu hakuna, mtandao tu.

Alizunguka ukuta akampigia mkewe. Mkewe alilia kwanza, kisha akafikiri upesi kama wanavyofikiri wanawake wenye nyumba. Alimwambia aseme amefariki mama mdogo wa mkewe, huko huko ng'ambo ya ziwa. Ruhusa ataipata dakika hiyo hiyo na basi la saa nane ataliwahi. Lilikuwa shauri jema. Mkasi alijiona akiingia ofisini, akiulizwa huyo mama alikuwa nani, akimtungia maisha mtu asiyekuwepo, huku yule aliyeuza kitanda amelala mahali akimsubiri.

"Hapana, mama Kifungo," alisema. "Nilimzika akiwa hai. Siwezi kumzika amekufa kwa jina la mtu mwingine."

Aliingia ofisini akafunga mlango. Mzee Risiti alikuwa akipanga stakabadhi za mwezi.

"Mzee, Shangazi yangu amefariki."

"Pole sana. Yupi tena?"

"Yule yule."

Alimweleza. Safari hii hakulia hata kidogo, na labda ndiyo maana maneno yalitoka makavu, yakafanana na uongo zaidi ya uongo wenyewe. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Aliendelea kuzipanga stakabadhi, akazipanga, zikawa zimekwisha kupangika na yeye bado anapanga.

"Nililia," alisema. "Kwenye kiti hiki. Ungeniambia mtoto anataka kuona ziwa."

"Ungekubali, Mzee?"

Mzee alifikiri kwa haki, kama mtu anayetafuta kosa katika hesabu zake mwenyewe. "Sidhani," alisema. "Labda ningekuambia unyanyue mguu."

Kisha Mzee alifungua daftari la ruhusa, akapekua nyuma miezi minne, akaweka kidole penye jina la Shangazi na neno msiba pembeni yake.

"Hii ulikwisha kuichukua. Mtu mmoja siwezi kumwandika mara mbili," alisema. "Nitakuandikia mapumziko, siku tatu. Nenda ukamzike. Ila wenzako usiwaambie. Pini alitia kwenye ile bahasha nusu ya kodi yake ya nyumba, mimi nilimwona. Mwache abaki anajua alichangia mazishi."

Mkasi alisema amekubali. Akatoka na karatasi iliyoandikwa mapumziko.

Habari zilimtangulia hadi getini. Mzee Risiti amempa mtu mapumziko! Tena mwenye deni! Wenzake walimzunguka wakimpongeza, mmoja akamuuliza amemlisha Mzee dawa gani, mwingine akamwambia akanyooshe miguu na kwa niaba yao. Mkasi alitabasamu kwa kuwa walingoja atabasamu. Basi la saa nane alilikosa kwa dakika kumi. Lililofuata liliondoka saa kumi na moja.

Alifika kesho yake saa tisa mchana. Udongo ulikuwa bado mbichi, sepetu zimeegemezwa kwenye mti. Jirani alimwambia walimsubiri hadi saa saba, wakaongeza saa moja juu ya ahadi kwa sababu marehemu alikuwa amesisitiza kwamba atakuja. Alimwambia pia kwamba tangu walipomtembelea mama yule alibadilika, akawa mchangamfu, na kila aliyepita mlangoni alimsimulia kwamba huko mjini kuna watu wenye mashine kubwa waliozizima kwa ajili yake, wakamlilia angali hai. Watu walidhani akili inaanza kumtoka.

Mkasi alichota udongo kwa kiganja, akautia juu ya udongo ambao wengine walikwisha kuutia. Akachota tena. Jirani alimwacha peke yake. Alikaa hapo hadi jua likapungua, akimwita Shangazi kwa sauti, akimwambia angekuja, akimjibu lile swali alilolikwepa. Alimwambia ndiyo. Hakujua kama ilikuwa kweli, na hakukuwa tena na mtu wa kumsaidia kujua.

Siku ya nne asubuhi alirudi kazini, akatundika shati msumarini, akavaa aproni. Macho yalikuwa yamemvimba. Pini alimwona akakunja mikono kiunoni.

"Haya, mtalii," alisema. "Hayo macho ndiyo kulala kupita kiasi, eh? Umetuletea nini?"

Mkasi alisema amesahau. Haikukubalika. Mtu hatoki matembezini mikono mitupu, hata jojo, hata kokoto moja ya ziwani. Wote wakaja juu, mpiga chapa akamwita mchoyo, mlinzi wa getini akasema na kwenye msiba wake walitoa, leo kwenye raha yake hawapati hata njugu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na ndani Mzee Risiti aliinama juu ya daftari lake, hakugeuza ukurasa.

"Angalau tuambie," Pini alisema. "Ulistarehe?"

"Nilistarehe," Mkasi alisema.

Wakaendelea kumtania hadi saa ya chakula, na yeye, huku akisawazisha kadi za harusi ya watu chini ya kisu, akacheka pamoja nao.